Daftari la Mizani

Walipobomoa ghala la kahawa pale juu ya mfongo
walinipa daftari, kwa kuwa mimi ni mtoto wa karani
na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka.
Mabati yameshuka Moshi mjini kwa fuso.
Milango ameichukua Elirehema, amejengea banda la nguruwe.
Daftari ninalo mimi. Linanuka panya na mrututu.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa baba, wino wa buluu:
Ndekirwa, kilo arobaini na moja.
Aikaeli, kilo kumi na tisa, gunia limelowa, arudi nalo.
Rubeni wa bondeni, kilo sitini,
na pembeni, kwa penseli: anajisifu.

Hivyo ndivyo kijiji chetu kilivyoandikwa.
Hatuna vita vya kufundishwa shuleni.
Tulikuwa na senti moja katika kila kilo:
senti ile ikawa darasa, ikawa zahanati ya vyumba viwili,
ikawa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mringaringa
tuliyoigonga kuita watoto, kuita mkutano, kuita msiba,
kila wito na idadi yake ya milio;
ukikosea kuhesabu unafika msibani na madaftari.

Mwaka wa bei kubwa baba alimaliza kalamu tatu.
Watu wakanunua redio, wakaezeka bati hata mabanda ya ng'ombe.
Ndekirwa alinunua viatu vyeusi vya kamba, akalimia,
akasema matope nayo yamfahamu.

Kisha chulebuni.
Buni nyeusi kiganjani kama mavi ya mbuzi.
Kurasa zinaanza kuwa na nafasi.
Kisha chama hakilipi, msimu mmoja, msimu wa pili,
na mwenyekiti anakuja ameshika jani la isale kuomba radhi.
Tukampokea, ndiyo mila.
Lakini isale haina kilo,
baba hakuwa na safu ya kuiandika.

Kisha usiku mmoja shoka likasikika kwa Aikaeli.
Tulisikia wote. Hakuna aliyetoka,
maana kung'oa mbuni kulikuwa kosa
na kila mtu alikuwa ameshanoa lake.
Baada ya wiki palikuwa na miche ya nyanya.

Nimesoma kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Hakuna Ndeshukurwa. Hakuna Mamkunda.
Hakuna mama yangu, aliyeamka saa kumi
kumenya kahawa kwa mashine ya mkono
mpaka bega la kulia likawa chini ya la kushoto,
akapanda ghalani na gunia kichwani,
akasikia likisomwa jina la mumewe,
na msomaji ndiye huyo mumewe.

Kuna jambo la sindano, nilitaka kulisema mapema.
Sindano ya mizani ile haikurudi sifuri.
Ukiondoa gunia inashuka, inasita, inakaa kwenye mbili.
Baba alitoa kilo mbili kwa kila mzigo, miaka thelathini na minne;
wakulima walidai inakwama siku za mvua tu.
Waligombania kilo hizo hata kwenye arusi.
Mafundi wawili waliletwa kutoka mjini,
wakala mtori, wakaondoka.

Jana nimepita kwa muuza vyuma chakavu, Majengo.
Mizani ilikuwa imelala ubavu juu ya mabomba.
Nikaisimamisha. Sikuweka kitu.
Mbili.

Nikamkumbuka mama zamu yake ikifika,
alivyoegemea kidogo, kiganja juu ya gunia,
kama mtu anayepumzika tu baada ya mlima,
na baba, aliyeona kila kitu kijijini,
anatazama dari, anaandika.