Njia Iko Wapi?

Maswali kumi kila usiku, Ijumaa kumi na tano,
na chini ya ukurasa, sahihi ya mzazi.
Ndivyo alivyoagiza Mwalimu Gatwiri
siku ya kwanza ya Gredi ya Saba,
na Mumbua akanikabidhi daftari la mirabamiraba
kama karani anayeleta hati ya kiwanja.

Nikatia sahihi. Herufi mbili na mkia.

Saa tatu usiku, Kariobangi Kusini.
Tokeni za stima zimekwisha tangu magharibi,
simu tumeiegemeza kwenye kikombe itumulikie,
jirani anakaanga omena
na ukuta wa mabati haujui kuzuia harufu.
Mumbua anasoma kwa sauti ya kanisani:
"Mfanyabiashara alinunua viatu kwa shilingi mia tatu na hamsini,
akaviuza kwa mia nne na tisini.
Tafuta faida yake kwa asilimia."

"Arubaini," nikasema, mwiko ukiwa kwenye ugali.

Hakuuliza nimejuaje.
Akaandika, akapiga mistari miwili chini ya jibu,
akalala na rula mkononi.

Kesho yake daftari likarudi na wino mwekundu.
Jibu limepata tiki. Alama: sifuri kwa tatu.
*Njia iko wapi?*

Swali hilo nikaenda nalo Gikomba.
Alfajiri, robota linapokatwa kamba
na mikono thelathini kuzama humo kwa pamoja,
mimi huibuka na kiatu kimoja,
natazama soli, nanusa gundi, nakunja ncha,
na bei imeshatulia kichwani
kama kuku anayejua kiota chake.
Hapo hakuna mstari wa kwanza wala wa pili.
Kuna mteja ameshika kiatu na mguu mmoja uko njiani.

Na ile asubuhi tulipokuta vibanda ni majivu,
soli zimeyeyuka zikawa uji mweusi,
nilihesabu pia.
Jozi sitini na mbili, mia tatu na hamsini kila jozi:
elfu ishirini na moja, mia saba.
Hasara, asilimia mia.
Jibu sahihi kabisa,
na hakuna aliyenitaka nionyeshe njia.

Jumatano usiku nikamwambia, leta kalamu.
"Andika: kumi ya mia tatu na hamsini ni thelathini na tano."
"Kumi ya, mama? Si moja ya kumi?"
"Haya, moja ya kumi. Andika.
Faida ni mia na arubaini.
Hizo thelathini na tano zimo ngapi humo?"
Akakunja vidole, akakunjua, akakunja tena.
"Nne."
"Na kila moja ni kumi ya mia. Kumi mara nne?"

Akanyamaza. Betri ya simu ilibaki asilimia tisa.
"Mwalimu hafanyi hivi.
Anaweka moja juu ya nyingine, kisha anazidisha kwa mia."
"Hata mimi sikujua nafanya hivi," nikasema,
na haukuwa utani.
Miaka kumi na sita sokoni
ndiyo kwanza naiona hesabu yangu imekaa mahali,
tarakimu moja kila chumba, kama wapangaji,
na kodi imelipwa.

Ijumaa daftari likarudi.
Mbili kwa tatu.
Pembeni, wino uleule, mwandiko umepoa kidogo:
*Nani amekufunza hivi?*

Mumbua akanitazama mimi, akaitazama kalamu.
Pale penye mzazi sikuweka mkia.
Niliandika jina lote, Josphine Ndinda Muli,
nikavuka mstari, nikaingia kwenye ukingo wa karatasi.
Halafu, kwa kuwa mwuzaji ni mwuzaji,
nikaandika chini yake:
*Mwalimu, ile alama moja imebaki kwako?*