Tokeni ya Hamsini

Sebuleni kwa Mama Sidi, Maweni,
feni inazungusha joto lile lile
na kwenye runinga theluji inaanguka.
"Chumvi ya Gongoni hiyo," asema Kadzo,
aliyeisomba miaka minne hadi nyayo zikapasuka.

Dada wa mjini amerudi kwao na koti jekundu.
"Sasa hivi atagongana na mwanamume," asema Bi Rukiya,
na kahawa yamwagika kabla hajafunga kinywa.
Twacheka. "Mjane huyo. Mtoto mmoja, duka linafilisika."
Kweli.
Hata mbwa tulimtaja.

Bi Rukiya hana Krismasi, na subira pia hana:
"Mwaka jana ni hawa hawa, wamebadilishwa sweta!
Mapenzi gani ya siku tisa,
hakuna mshenga, hakuna shangazi wa kuuliza ukoo,
wala mtu mmoja wa kudai mahari?"

Wagombana kwa neno dogo, kama tulivyosema.
Dada afunga sanduku. Mkono wa Kadzo
umesimama ndani ya bakuli la njugu.
Mlango wafunguka, mwanamume atoka mbio kichwa wazi,
pap!
Stima imekwisha.

Giza. Jasho. Mwisho tunaujua sote,
hata kitoto cha Mama Sidi, kinachonyonya, kinaujua.
Basi mbona hakuna anayeinuka kwenda kwake?

Nasikia fundo la leso likifunguliwa.
"Shika hamsini," anong'ona Bi Rukiya,
"kanunue tokeni.
Na ukimbie, mwanangu.
Yule kijana hana kofia."