Meno Kwanza

Nilimwendea Ghislain na dola mia nne kwenye bahasha
nikitaka kelele.
Nilitaka ekzosi ya wazi, ile inayonguruma
mpaka vioo vya kanisa la Senneterre vitetemeke.
Nilitaka shemeji yangu Fernand, na mashine yake mpya ya mkopo,
anisikie kabla hajaniona.

Ghislain hakusimama. Nyonga yake imemgomea tangu Oktoba.
Alisogeza kikombe, akauliza:
"Kona ya daraja la reli, Odile,
unaikata, au inakukata?"

Nikanyamaza.
Kona ile kila Jumamosi hunitema kwenye misonobari.
Nageuza usukani, skii zinatii,
mashine yenyewe inaendelea na safari yake
kama mgeni asiyejua lugha.

"Nguvu unazo," akasema. "Farasi mia na ishirini,
na wote wamevaa soksi.
Nunua meno kwanza."

Basi nikaandika nyuma ya risiti ya petroli:
vyuma vya chini ya skii, vyenye ncha za kung'ata barafu,
dola mia na kumi, vipya, hapo hakuna ubahili.
Misumari tisini na sita ya mnyororo, ya mtumba;
mpwa wake aliing'oa kwenye mnyororo uliochanika
akanihesabia ndani ya kopo la kahawa. Hamsini.
Springi ya klachi, thelathini na tano.
Vizito vyake, bure: vilikuwa droo moja na vijiko.

Na kuna ukanda tumboni mwa mashine,
mdogo, mweusi, hata hujui upo.
Uvute tundu moja, uzito unahamia mbele.
Gharama yake: spana namba kumi na tatu
na nusu saa ya matusi.

Wanasema rahisi ghali. Labda.
Ila ghali nayo nimeiona,
imekwama kwenye theluji laini hadi kiunoni
na taa zake zote zinawaka.

Zikabaki shokapu.
Hapo Ghislain alitazama dirishani, bandani,
kwenye turubai lenye umbo la mashine yake ya manjano.
"Zing'oe zile," akasema. "Nilizijaza gesi mwaka jana.
Mia na hamsini. Usinibembeleze nipunguze
wala usinibembeleze nizibakize."
Nilifungua bolti nne kwa vidole visivyosikia kitu.
Mashine ya manjano ikashuka taratibu
kama mtu anayekaa chini.

Usiku tano baada ya zamu ya kiwanda cha mbao
nilitoboa, nikakaza, nikapaka grisi,
nikakosea upande wa springi, nikaanza upya.
Nilinukia petroli hata kwenye mto wa kulalia.

Jumamosi. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Fernand mbele, vumbi jeupe la theluji yake usoni mwangu,
reli, daraja, kona.
Sikuachia kidole gumba.
Ncha zikauma. Misumari ikakwaruza, ikashika.
Kile kishimo kinachonirushaga
kilipita chini yangu kama neno lililomezwa.
Nikatoka upande wa pili nikiwa bado njiani,
na misonobari yote mahali pake.

Sikumpita Fernand. Niseme ukweli.
Uwandani alinipotea, zile ni pesa zinazokimbia.
Lakini kwenye kila kona nilimkuta tena,
nikaiona shingo yake ikigeuka.

Ghislain alikuwa na sharti moja:
nikirudi, nipite kwake kabla hata sijavua buti.
Nikakaa jikoni, barafu ikidondoka kwenye zulia la mkewe.
"Anza kwenye reli," akasema, akafumba macho.
Nikaanza kwenye reli.
Nilipofika kwenye kona alikunja kidole gumba,
akalalia kushoto,
kiti cha mbao kikalia,
na nyonga yake mbovu, kwa muda wa kona ile,
ikamfuata.