Kiatu Kisichosema

Siku ya kufungua marobota
nilifika Sido kabla ya saa moja,
Loleza ungali umejifunika ukungu hadi shingoni,
Tumpale anamwaga viatu kwenye turubai
kama anayemwaga viazi.

Moka moja ya kahawia ikanitazama.
Moja tu. Mwenzake tulimsaka nusu saa,
tukamkuta amelaliwa na raba za watoto,
kamba ya ngozi imemzunguka kisigino,
inazama kwenye tundu, inaibuka kwenye tundu.

"Hizi," akasema Tumpale, "wenyewe huvaa kwenye boti.
Ona soli, imechanjwa ili isiteleze kwenye maji."
Boti gani, Tumpale, hapa Mwanjelwa?
Akacheka. Akaikunja moka katikati kama chapati,
akaiachia:
ikarudi umboni polepole, bila kinyongo.
Hapo nikajua ni ngozi.

Niliinusa, ndiyo, mbele za watu.
Nikahesabu mishono ya pale juu ya vidole,
thelathini na mmoja, hakuna uliorukwa.
Aliyeshona hakuwa na haraka ya kwenda popote.
Alitaka elfu ishirini na mbili.
Nikampa kumi na nane, na maneno.

Ndani mlikuwa na unyayo wa mtu nisiyemjua:
kishimo cha kidole gumba,
kisigino kilicholalia kushoto.
Labda naye alikuwa na goti bovu, kama baba.

Maana si zangu. Mimi navaa arobaini na moja.

Baba, Mzee Asangalwisye,
miaka arobaini ndani ya chai ya watu
kwa katambuga, na mvua ikizidi, kwa mabuti
yaliyojaa maji kuliko mto wenyewe.
Miguu yake imepanuka kama mizizi iliyokosa mtu wa kuizuia.
Kwenye harusi yangu tulimvisha vyeusi, vya ncha kali.
Alivumilia mpaka keki.
Kisha akavivua chini ya meza
akaenda nyumbani peku, amevibeba kwapani
kama kuku wawili wa zawadi.
Mke wangu alicheka. Mimi niliona malengelenge.

Kwa hiyo nikapita Kabwe, kwa fundi Sekela,
mama mwenye sindano mdomoni na nta kwenye kucha.
Nikamwonyesha karatasi niliyochorea mguu wa baba
akiwa amelala, kwa penseli ya mwanangu.
Aliitazama mchoro muda mrefu.
"Huu mguu hausogei," akasema. "Ngozi ndiyo isogee."
Akatia kalibu ya mninga, kitambaa chenye maji,
siku mbili,
akanikataza kuuliza uliza.

Tukuyu nilikuta mvua, kama kawaida yake.
Baba akavaa bila soksi.
Akasimama. Akatingisha vidole kule ndani,
nikaona ngozi ikipumua juu yao.
Hakusema kitu. Akatoka kwenda bandani kwa ng'ombe,
akapita juu ya yale mawe ya utelezi
yaliyomvunja mama mkono mwaka juzi,
akapita kama mtu wa kwenye boti,
akarudi.

"Vipi, baba?"

"Hakisemi kitu."

Nikadhani amekidharau.
Mpaka nilipomwona anakula nacho mguuni,
anasinzia nacho mguuni,
paka amelalia ncha ya kushoto.
Kumbe viatu vyake vyote, tangu ujana,
vilikuwa vinamsemesha: hapa, na hapa, na hapa tena.

Jioni akanisindikiza.
Siku zote huishia kwenye mgomba wa mwisho,
hapo ananishika mkono na kugeuka.
Mgomba tukaupita, yeye anaeleza bei ya mbolea.
Tukapita kisima, tukapita kanisa,
tukafika lami, bado anaeleza.
Gari likasimama. Nikapanda.
Nilipochungulia dirishani
alikuwa ameinama, anafuta tope kwenye mshono
kwa kidole gumba, taratibu,
na mvua ile ile ikiendelea kumnyeshea.