Dalili

Saa kumi na mbili kasorobo, Bwera, giza bado.
Baridi ya Rwenzori imeingia bila hodi
ikanikuta nimeshatangulia kutetemeka.
Sweta mbili, na bado meno yanagongana
kama vikombe ndani ya beseni.
Zamu ni yangu wiki hii, na kengele,
rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi,
haijui kujipiga.

Nikaipiga. Kila pigo lililia mara mbili:
uwanjani,
kisha nyuma ya jicho langu la kushoto.

Sisi Wakonzo huitana kwa mpangilio wa kuzaliwa,
basi daftari la mahudhurio, siku ya homa, ni mtego.
Biira. Nipo. Masereka. Nipo. Biira. Nipo.
Kabugho. Masereka. Biira. Biira tena.
Sikujua kama ninaita watoto
au ni jina moja tu linalonizunguka kichwani
kama nzi aliyenaswa chupani.
Tisini na wanne. Wawili hawapo:
ni siku ya soko, wako Mpondwe
wanawabebea mama zao vitunguu.

Hisabati. Nikachora mkate, nikaukata mara nne,
nikafuta kipande. Umebaki kiasi gani?
Jibu sikulingoja. Niliegemea ubao
kama mtu anayewaza jambo zito,
shavu kwenye saruji, ubaridi wake mtamu, mtamu,
na nilipogeuka
nilikuwa na robo ya mkate usoni.
Wakacheka. Nikacheka nao. Mbavu zikanikemea.

Bwana Thembo, mwalimu mkuu, akapita dirishani.
"Habari ya kazi?"
"Nzuri."
Neno hilo hutoka lenyewe, halimuulizi mwenye mdomo.
Na ningemwambia nini? Wa darasa la tano amejifungua juzi,
wa la pili hajaona mshahara tangu Pasaka,
yuko mlimani anachuma kahawa yake.
Nikilala mimi, madarasa matatu
yatapanda juu ya madawati.

Uji wa mapumziko nilimpa mbwa wa mlinzi.

Kisha sayansi. Mada imo kwenye mpango wa kazi
tangu Februari, wala sikuichagua mimi: malaria.
Nani atatutajia dalili?
Mwili kuwa moto. Nikaandika.
Kutetemeka. Nikaandika; herufi zikatii.
Kichwa kuuma. Viungo kulegea. Mdomo kuwa mchungu.
Kukosa hamu ya kula, akasema Mbambu,
akitazama kikombe changu kitupu, asijue habari za mbwa.
Na kutoka nyuma kabisa, Muhindo,
ambaye tangu muhula uanze hajafungua kinywa:
"Kuegemea ubao, mwalimu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Ningesema hiyo haimo kitabuni.
Ningesema kaa chini.
Chaki ilikuwa bado mkononi.
Namba saba, nikaandika. Kuegemea ubao.

Ndipo Muhindo akainuka, akabeba kiti changu
kwa miguu yake mitatu na ule wa nne wa kuazima,
akakiweka nje mlangoni, palipo na kipande cha jua,
akarudi kwenye dawati lake kama aliyetoka kutupa taka.
Nikakaa. Nilifundisha Kiswahili nikiwa mle juani,
nusu ya mgongo wangu kwa darasa, nusu kwa mlima,
nao wakasoma kwa sauti ndogo,
sauti ya nyumba yenye mtu aliyelala.

Jioni. Vidonge vinne, maji ya uvuguvugu,
na rundo la madaftari tisini na mawili
ninayasahihisha nikiwa ndani ya blanketi.
Wote wamenakili. Wote, hadi Biira yule mvivu:
7. Kuegemea ubao.
Siku mkaguzi akija kutoka Kasese
ataniuliza nimeitoa kitabu gani.
Vema, naandika. Vema. Vema.
Wino mwekundu unapinda kidogo kila ninapotetemeka.
Limebaki la Muhindo. Hakuandika dalili hata moja.
Amechora kiti.