Sufuria Isiyosema Sana

Miezi kumi na minne nimepikia sufuria za dada yangu Kwamboka,
nazisugua kwa majivu na kwa hofu,
na bado akiingia jikoni hugeuza vitako
kama anayekagua mtoto aliyetoka kucheza kwa jirani.
Hasemi kitu. Hugeuza tu.

Leo nina elfu mbili na mia tatu,
na gunia tupu la unga nimelikunja kwapani.

Nilipitia River Road kwanza, nikavutwa na kikaango cheusi kwenye kioo,
laini kama shavu.
Muuzaji akaniambia yai huteleza humo.
Najua linavyoteleza, nikasema, kama ahadi.
Kwamboka alinunua ndugu yake kikaango hicho:
kufika mwezi wa tatu kilianza kubambuka,
tukala matoke yenye madoa
na kila mmoja akajifanya ni pilipili manga.

Kamukunji utaisikia kabla hujaiona.
Nyundo hazina kiitikio, kila moja na ugomvi wake;
pipa la mafuta linapasuliwa tumbo litoe majiko manne,
bati linakunjwa, linakataa, linakunjwa.
Sauti inakuingia kwa magego.

Mama alinifunza: kabla ya bei, gonga.
Chombo chembamba husema sana.
Nikagonga ya kwanza, ngeeeng,
ikaimba mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya mtaro.
Ya pili ikalalamika.
Ya tatu ikajibu ndu,
ikanyamaza.
Nikaiinua, mkono ukashuka wenyewe.

"Elfu moja mia nane," akasema fundi Musembi,
kucha ya gumba nyeusi tii kwa kupigwa na kazi.
"Kwani inajipikia?"
Mwenzake akacheka, misumari mdomoni.
Tukateremka ngazi hiyo pamoja, hamsini, hamsini,
mimi nikienda zangu mara mbili, yeye akiniita mara mbili,
kila mmoja akijua hatua ya mwenzake.
Akanionyesha masikio: ribiti tatu kila upande.
"Ploti yenu itaanguka," akasema, "haya yatabaki yameshika."
Elfu moja mia tatu na hamsini.
Nikahesabu noti kwa kuzitazama usoni, moja moja, kwaheri.

Karai, mia nne. Halikunipa shida.
Gikomba, kwenye lundo la vyombo vya mitumba,
nikachomoa kikaango cha chuma kizito kama kesi,
kutu hadi mpinini,
kimekaanga mayai ya watu nisiowajua, katika baridi nisiyoijua.
Mia tatu na hamsini, na mama muuzaji akanionea huruma:
"Kichome, kipake mafuta, kichome tena. Usikioshe kwa sabuni hata ukichukizwa."
Mwiko, themanini.

Nikabaki na mia na ishirini.
Mfuniko ni mia mbili.
Nikasimama mbele yake kitambo,
ukaniangalia kwa kile kitufe chake cha katikati,
nikanunua kilo ya unga.

Huruma, orofa ya nne, chumba changu.
Hakuna kiti. Nimefunika karai sakafuni nikalikalia.
Maji ya kwanza nimeyachemsha na maganda ya viazi ya jirani
ili alumini iache ladha ya kiwanda;
yamegeuka kijivu, nimeyamwaga.
Maji ya pili yako jikoni sasa.

Na juu yake, badala ya mfuniko, nimeweka sahani,
ile ya maua ya bluu yenye ufa mdogo ukingoni,
inacheza kwa mvuke, taratibu, tka tka tka.

Simu inalia. Ni Kwamboka.
Hanisalimu.
"Sahani zangu ni sita," anasema, "naona tano."

Ninaitazama ikicheza.
Nitairudisha, dada, ninamwambia,
mwisho wa mwezi,
nikishuka tena Kamukunji.