Mkia wa K

Ukutani pa Shebwana kinyozi, kule Majengo,
palikuwa na vichwa saba.
Cha kwanza panki. Cha pili denge.
Cha tatu, nywele za mshambuliaji fulani
aliyefunga mawili usiku mmoja, asisikike tena.
Cha tano hakikuwa na shingo:
rangi iliisha Ijumaa,
na Jumamosi fundi Msellem alikuwa harusini.
Nikimpeleka mdogo wangu kunyolewa, nikimwonya,
"Usichague cha tano, utarudi nyumbani huna shingo."

Juu ya vichwa, neno moja: KINYOZI.
K yake ilikuwa na mkia
uliokunjwa juu, kama mguu wa paka
aliyekanyaga maji.
Niliinakili kwenye majalada ya madaftari,
kwenye kiganja, kwenye vumbi
la kioo cha gari la mwalimu mkuu (nikachapwa).
Nilidhani huo ndio uzuri:
kitu kujipinda bila kuambiwa.

Siku moja nikamuuliza.
Alikuwa juu ya ngazi, brashi sikioni,
akacheka hata ngazi ikacheza.
"Uzuri gani, mwanangu?
Hapa pana bomba. La maji machafu,
latoka ghorofani kwa Bi Zaituni.
Ningeunyosha huu mguu, ningechora juu ya kutu.
Nikaukunja. Ndiyo hayo."

Ndiyo hayo.
Baadaye nilisomea usanifu miaka miwili,
gridi, nafasi, uwiano, ada ya muhula,
na hakuna aliyenieleza kwa ufupi kama huo.

Sasa nafanya kazi Mwembe Tayari,
duka la stika, feni moja, mashine moja yenye kikohozi.
Wenye tuktuk huja kabla sijamaliza mahamri.
"Niandikie NISEME NINI, herufi ziwake moto."
"Niwekee simba, lakini avae miwani."
"Niwekee yule mchezaji. Ngoja. La, usimweke,
jana ameuzwa."

Kisha ukaja mwaka wa rangi:
kuta nyeupe, pambizo buluu,
mji ukavishwa sare kama mtoto wa darasa la kwanza.
Shebwana alinunua ndoo mbili kwa pesa yake.
Kichwa cha tano kilitangulia,
hakikuwa na shingo ya kutikisa kukataa.
Kusema kweli, siichukii ile buluu.
Saa saba mchana, jua limesimama wima,
jicho hupata pa kukaa.
Lakini masika ya pili rangi ilibanduka kidogo,
nikaona sikio.
Sikio tu, la kichwa gani sijui,
likitusikiliza tukipanga foleni ya viazi karai.

Nyumbani nikafukua picha ya Idi:
mdogo wangu na kanzu inayomzidi,
nyuma ya bega lake, K.
Usiku tatu niliifuata kwa kipanya, nukta kwa nukta.
Nikampa Mwachiro kwenye tuktuk yake:
KAWIA UFIKE.
Wiki haikuisha, wakaja wengine wanaitaka,
hata mmoja ambaye maneno yake hayakuwa na K,
akasema basi tafuta neno.
Duka la Kongowea wakaiiba, wakarefusha mkia,
wakaongeza kivuli na nyota.

Leo zinapita Makupa kwa makumi,
kila moja imekunja mguu.
Lile bomba liling'olewa zamani,
Bi Zaituni alipouza nyumba.

Nilimpelekea fundi Msellem stika moja.
Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili.
Nikamweleza: imeenea, iko hata Likoni,
vijana wanaiita K ya Mombasa.
Akanyamaza. Akasema,
"Na hawa wanakwepa nini?"
Sikuwa na jibu.
Akaipapasa kwa kidole cha shahada,
akashuka na mguu taratibu,
akafika penye mkunjo,
akasita,
akauondoa mkono upesi
kama aliyegusa kutu.